Mtungi wa Chumba Namba Nne

Chumba namba nne cha maabara yetu kilikuwa hakijawahi kupigwa deki. Anayeijua Kigali ataelewa uzito wa maneno hayo. Huku barabara hufagiwa kabla magari hayajaamka, viatu huoshwa mlangoni, na varanda hudekiwa mara mbili kwa siku, mvua iwepo isiwepo. Chuo chetu cha ufundi, huku Ndera ambako mashamba yanageuka nyumba mpya, kina kikombe cha usafi ndani ya kabati la kioo, na mkurugenzi wa utawala, Madamu Kamikazi, hukifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini chumba namba nne kilifagiwa kwa ufagio mkavu na kufutwa kwa kitambaa kikavu, kwa miaka saba, na mtu mmoja tu. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika kabla hasira zangu hazijapoa. Zikipoa nitaanza kuwasamehe watu, na mmoja wao ni mimi.

Jina lake ni Cyriaque. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko, na Kiswahili chake ni cha mitaa ile, chepesi na chenye Kifaransa kidogo hapa na pale. Mimi ni Winifred, msaidizi wake maabara, nimekulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Ndiyo maana tulipokuwa wawili tu maabara tuliongea Kiswahili, yeye akinicheka kwamba naongea kama redio. Alikuwa fundi mkuu wa maabara, mtu mrefu, mwenye koti jeupe lililoshonewa vifungo vya rangi tofauti tofauti. Mkewe, Cécile, alikuwa ameanza kutoona vizuri na alishona kifungo chochote ulichogusa mkono wake. Cyriaque hakukibadilisha hata kimoja.

Alikuwa na daftari. Kila siku, hata Jumapili akitoka misa, aliingia chumba namba nne na kuandika saa, joto la chumba, na hali ya valvu. Jumatatu alipima uzito. Sijawahi kuona amefuta namba wala amebuni. Wiki ambayo mizani iliharibika aliandika, "Sikupima," akapiga mstari na kutia sahihi. Nilimwambia angeweza kuandika uzito wa wiki iliyopita, kwani haubadiliki. Alinitazama kama nimemwomba aibe sadaka.

Kilichokuwa chumbani ni mtungi mmoja wa chuma, mfupi, unaonifika kiunoni, umefungwa mnyororo ukutani. Uliletwa na profesa mmoja kutoka nje aliyekuja na mradi wa kutengeneza vioo vya sola. Alifanya majaribio matatu, mashine ikafa, fedha za mradi zikaisha, akaondoka akiahidi kwamba mtungi utafuatwa baada ya miezi miwili. Cyriaque alisaini kuupokea kwa muda. Hiyo "kwa muda" naomba msomaji aikumbuke.

Ndani ya mtungi kulikuwa na gesi iitwayo diklorosilani. Siku yangu ya kwanza kazini, Cyriaque alinieleza inavyopatikana, akitumia matunda yaliyokuwa ya chakula chake cha mchana.

"Silikoni inatoka kwa mchanga," alisema. "Unaipitishia gesi ya asidi kwenye moto mkali, inazaliwa kitu ingine kwanza. Kila moja iko na klorini tatu na hidrojeni moja. Sasa ona: akina mama wawili wametoka soko, kila moja ana ndizi tatu na avoka moja. Unawapitisha kwa mlango, na kwa mlango kuna mtu anawaambia, badilishaneni. Moja anatoka na ndizi nne. Mwingine?"

"Ndizi mbili na avoka mbili," nilisema.

"Voilà. Huyo wa pili ndiye tunalinda hapa. Wanawatenganisha kwa baridi, kwa sababu yeye anachemka haraka kuliko wenzake." Kisha akala ndizi moja, akanipa avoka.

Yule wa mlangoni ni kichocheo, na yule wa pili ana tabia mbaya. Hana rangi, kwa hiyo humwoni. Huchemka kwenye nyuzi nane tu, kwa hiyo hata asubuhi ya Kigali yenye baridi ya Juni tayari anataka kuwa hewa, na ni chuma tu kinachombana akabaki kimiminika. Akitoka ni mzito kuliko hewa, anatambaa sakafuni. Anashika moto kwa urahisi unaoudhi. Na akikutana na maji, hata unyevu wa hewa tu, anageuka moshi mweupe wa asidi, ile ile kali watu wanayosafishia vyoo, ila hii unaivuta kifuani. Anachoacha nyuma ni unga mweupe, mchanga aliotoka nao.

"Hii kitu iko na njaa ya maji," Cyriaque alikuwa akisema. "Kwa hiyo sisi hatuileti maji. Ni hiyo tu. Siyo kazi ngumu."

Ilikuwa kazi ngumu. Ilimaanisha kubishana na kila mfanyakazi mpya wa usafi aliyekuja na ndoo. Pretty, aliyekuwa akisafisha jengo letu, aliamini kabisa kwamba mzee anaficha madini. Ilimaanisha kukagua dari kila mvua inaponyesha, na kufungua chupa ya amonia karibu na valvu kuona kama moshi mweupe utatokea, maana ndivyo uvujaji unavyojionyesha. Na ilimaanisha kuandika barua. Nimezihesabu nakala: arobaini na moja, kwa profesa, kwa ofisi, kwa kila mtu mwenye muhuri. Waliojibu walimshukuru kwa uwajibikaji wake.

Sasa nifike kwa Cécile. Daktari alisema ni presha ya macho. Matone yangechelewesha tu, na kilichokwisha kupotea kisingerudi. Mwaka jana, Novemba, alimwambia Cyriaque waziwazi kwamba kama kuna kitu mkewe anataka kukiona, akione mapema. Cécile hakuhitaji kufikiri. Alikulia Bujumbura, na utotoni, asubuhi baada ya mvua, alikuwa akikaa kizingitini kwao akitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Alitaka kuona maji tena, maji yenye nchi upande wa pili. Dada yake ana nyumba Karongi, juu ya ziwa Kivu. Alitaka kwenda kukaa huko na mume wake, si kutembea Jumamosi moja na kurudi, bali kukaa na kutazama mpaka basi. Na alikataa kwenda na mtu mwingine.

Cyriaque alikuwa anastaafu Januari. Kila kitu kilikaa sawa.

Hapa kwetu mtu haondoki kazini hivi hivi. Kuna ihererekanyabubasha: mnakaa mezani, anayeondoka na anayepokea, mnasoma orodha ya kila kitu, mnasaini wote wawili mbele ya mkubwa, mnapigwa picha, mnakunywa Fanta. Ukishasaini, kitu ni chako. Kikipotea ni wewe. Kikilipuka, kama bado upo, ni wewe.

Orodha ya Cyriaque ilikuwa na vitu mia mbili na kumi na viwili, na mtungi ulikuwa namba moja. Mkuu wa idara alisema yeye ni mwalimu wa umeme, kemikali hazijui. Stoo ilisema haipokei kitu kisicho na namba ya mali ya chuo, na mtungi ni wa profesa. Madamu Kamikazi alisema utawala hausaini gesi. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi ambaye ningerithi funguo.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliangalia ule mstari wa kwanza, nikafikiria miaka saba, nikafikiria barua arobaini na moja.

"Nitasaini vyote kuanzia namba mbili," nilisema.

"Winifred, rwose, kweli," alisema Madamu Kamikazi. "Unatuangusha. Watu wa magazeti ya chuo wako hapa na kamera."

 Cyriaque alichukua kalamu mkononi mwangu, taratibu, akaifunika. Mkataba wake ukaongezwa miezi mitatu. Tulikunywa Fanta zile hata hivyo, kwa sababu zilishafunguliwa.

Niliona aibu, nikajaribu kuitibu kwa njia ya mkato. Nilimwambia aende Karongi na mkewe, nami nitauangalia mtungi kila siku kama yeye.

"Haujasaini, Wini," alisema. "Kama kitu inatokea, watakuuliza wewe ulikuwa unafanya nini na mtungi ya watu. Mimi siwezi kukuachia hiyo."

Hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana. Nikamwita king'ang'anizi, nikamwambia hakuna mtu duniani anayemwona akilinda hicho chuma chake. Akasema anajua.

Basi, Februari habari njema ikaja. Kampuni moja inayokusanya kemikali kuukuu kutoka nchi zetu ilikubali kupita Kigali na lori lake katikati ya Machi, na mtungi wetu ukaingizwa katika hesabu yao. Cyriaque alinunua mkoba wa safari. Aliuweka maabara, juu ya kabati, ili auone.

Wiki moja kabla ya lori, mashindano ya usafi yakatangazwa. Wakaguzi wangekuja Ijumaa. Mwaka uliotangulia tulipoteza alama kwa sababu ya chumba namba nne, na Madamu Kamikazi hakuwa amesahau. Alhamisi ile Cyriaque alikuwa na miadi ya Cécile ya macho. Ilikuwa siku ya kwanza katika miaka saba kuniachia ufunguo tangu asubuhi hadi jioni. Alinipa maagizo yake mafupi: maji yasiingie.

Saa tatu akaja Madamu Kamikazi na fundi rangi, na nyuma yao Pretty na ndoo.

"Leo ni leo," alisema Madamu. "Hiyo chumba iko inatia aibu."

Nilisimama mlangoni. Nilisema ndoo haipiti. Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, nikaeleza asidi, nikaeleza mapafu, nikasema kama ndoo itapita basi nitapiga simu zimamoto papo hapo. Pretty akarudi nyuma. Madamu Kamikazi akasema sawa, hakuna maji, fundi atapiga rangi tu ya mafuta ukutani, haina hata tone la maji. Nikauliza tena kama haina maji. Fundi akanionyesha kopo. Nikawapisha. Nikamwambia asitumie moto wala asiguse valvu, nikafungua madirisha, kisha nikakaa korido na ndoo ya Pretty miguuni pangu, nikiilinda ile ndoo. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Yule fundi rangi alikuwa mtu makini. Alipaka kuta rangi ya krimu, nusu ya chini kahawia. Alipaka mnyororo. Na mtungi, kwa kuwa ulikuwa umechakaa na umebandikwa makaratasi, aliupaka krimu wote kuanzia bega hadi kitako, na valvu hakuigusa kwa sababu nilimkataza. Lebo yenye jina la gesi, alama za hatari, jina la kiwanda, vyote vikaenda chini ya rangi. Nilipoingia kuangalia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukagua sakafu kama ina maji. Ilikuwa kavu. Nikafurahi.

Cyriaque alirudi Ijumaa asubuhi, wakaguzi wakiwa tayari wanapiga makofi korido. Aliingia, akasimama mbele ya mtungi mikono ikiwa imening'inia.

"Wini," alisema. "Jina lake liko wapi?"

Tukapata alama tisini na sita.

Jumatano lori likaja. Kijana aliyelisimamia aliitwa Rwema, mpole, mwenye buti safi na fomu kwenye ubao. Alipakia asidi zetu za zamani, akapakia zebaki, akafika kwa mtungi wa krimu akasimama.

"Hii ni nini?"

Cyriaque akamweleza. Akampa daftari la miaka saba, nakala za barua, na fomu ya profesa. Rwema alisoma kwa heshima, ukurasa baada ya ukurasa, na niliona kwamba anamwamini.

"Muzehe, mimi nakuamini," alisema. "Lakini mpakani hawataniuliza kama nakuamini. Wataniuliza lebo. Mtungi hauna jina, sheria inasema siupakii. Pole sana, rwose."

Nilisema ni mimi niliyeruhusu rangi. Nilimwambia Rwema, nikamwambia Madamu Kamikazi, nikamwambia mlinzi wa getini ambaye hakuwa ameuliza. Haikusaidia kitu. Lori lingerudi Septemba. Cyriaque aliushusha ule mkoba kutoka juu ya kabati, akaupeleka nyumbani. Mkataba ukaongezwa miezi mitatu, kisha mitatu mingine.

Kuanzia hapo hakuondoka tena hata nusu siku, na nani angemlaumu. Alianza kuitoa rangi. Hakutumia msasa wala kisu, kwa hofu ya cheche. Alitumia kitambaa na spiriti kidogo, kidole kimoja, sehemu ndogo kama sarafu kila siku, madirisha yakiwa wazi. Lebo ya karatasi ilitoka pamoja na rangi, vipande vipande, haisomeki. Lakini mwezi wa Mei, begani, zikatokea namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na uzito wa mtungi mtupu. Nilikiandikia kiwanda, kilichotajwa kwenye fomu ya profesa, usiku uleule. Wakaomba picha. Wakaomba picha nyingine. Wakaomba uzito wa sasa, na wa miaka iliyopita kama tunao. Nilicheka peke yangu nilipokuwa nanakili zile Jumatatu zote, zaidi ya mia tatu na hamsini, pamoja na ile moja ya "Sikupima." Julai mwishoni barua yao ikaja na muhuri, ikithibitisha mtungi ni upi na una nini.

Katika miezi hiyo nilikuwa nikipita kwao baada ya kazi. Machi Cécile alinitambua nikiwa getini. Mei alinitambua nikiwa mlangoni. Juni alikuwa anapapasa meza kabla ya kuweka kikombe. Hakuwahi kuniuliza kuhusu rangi, ingawa najua alijua. Siku moja ya Agosti aliniambia, "Wini, umekata nywele?" Sikuwa nimekata. Nilisema ndiyo, kidogo.

Septemba Rwema alirudi, akasoma barua ya kiwanda, akalinganisha namba begani mara tatu, akabandika lebo mpya. Mtungi ulitoka chumba namba nne saa tano asubuhi. Wanaume wawili waliuinua bila shida, ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Mchana tukakaa mezani. Namba moja ilikuwa imepigwa mstari kwa rula, nami nikasaini mengine yote kwa dakika kumi. Madamu Kamikazi alitoa hotuba. Alimsifu Cyriaque kwamba katika miaka yake yote maabara haikupata ajali hata moja, na akasema hiyo inaonyesha jinsi vifaa vyetu vilivyo salama. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimeshika Fanta. Kabla hatujamaliza, Pretty alikuwa tayari anamwaga ndoo ya kwanza chumba namba nne.

Oktoba walihamia Karongi, na Jumapili ya pili nikaenda kuwatembelea. Nyumba ya dada yake iko juu kwenye mteremko, na mbele yake kuna benchi la mbao. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi ile hewa ilikuwa safi kiasi kwamba niliona bati za nyumba kisiwani Idjwi ziking'aa, na nyuma yake milima ya Kongo, mstari juu ya mstari. Cécile alikuwa katikati yetu, ameweka mikono magotini, uso ameuelekeza ziwani, kidogo pembeni ya mahali ziwa lilipo.

"Cyriaque," alisema. "Upande wa pili unaonekana?"

Cyriaque alitazama ng'ambo kwa muda mrefu. Nilimwona akitazama kila kitu, kisiwa, bati, milima, jinsi alivyokuwa akiitazama ile valvu.

"Hapana," alisema. "Leo iko ukungu. Hakuna mtu anaona kitu."

Cécile alitikisa kichwa polepole, kisha akanigeukia. "Ni kweli, Wini? Na wewe huoni?"

"Ni kweli, Mama," nilisema. "Ni ukungu mtupu."